Jiko Halijambo

6 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Huku sote wazima isipokuwa gari la Baba. Tangu mdogo wako huyo alinunue, halijatoka uani hata kwa kusukumwa. Kila asubuhi anaingia ndani, anafunga mlango, anasikiliza redio mpaka taarifa ya habari iishe, kisha anatoka akilalamika kuhusu foleni. Mama zamani alikuwa akicheka. Sasa anampelekea chai dirishani.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga Jumapili. Nilikuuliza habari za goti, ukanijibu kwamba bei imepanda sana. Nikaona heri niandike.

Shangazi, nina jambo. Mkuu wa idara aliniita ofisini kwake. Mkataba wangu wa majaribio hapa chuoni unakwisha mwishoni mwa Julai, na ili niajiriwe moja kwa moja lazima niwe na makala iliyokubaliwa na jarida la kitaaluma. Bila makala hakuna kazi. Aliniambia kwa upole mno, na upole wake ndio ulionitisha.

Sasa lipo Jarida la Usanifu Endelevu, linaloshughulikia majengo yasiyoharibu mazingira, na limetangaza kupokea makala. Mimi nina jengo moja tu duniani nililolisanifu likasimama, nalo ni jiko lako. Nimekwisha kuandika kuhusu matofali ya udongo wa kushindilia, mabati yaliyofuliwa kutoka kwenye mapipa ya zamani, na lile paa linaloinama kuelekea katikati ili mfereji upeleke maji ya mvua kwenye tangi. Kilichobaki ni maoni ya mtumiaji. Mtumiaji ni wewe.

Basi niambie tu, jiko linaendeleaje? Jibu kwa ufupi, maana nitanukuu.

Mwanao,
Futi


21 Februari

Mwanangu Futi,

Marahaba. Nimeipokea barua yako na nimefurahi, hasa habari za mdogo wangu. Mwambie asikilize redio lakini asiwashe taa, betri itakufa. Tangu utoto wake alipenda safari zisizochosha.

Mimi sijambo. Goti halijambo. Mvua zimeanza huku, nazo hazijambo, nyingi kweli. Unga nimeuhamishia chumbani kwangu, si kwa sababu yoyote, napenda tu kubadilisha mambo. Siku hizi napikia barazani kwa ajili ya hewa.

Kuhusu jiko, jiko halijambo. Linakusalimu.

Mkataba wako umenikaa rohoni. Hata hivyo, wewe uliyekuwa ukitembea na futi mkononi, ukampima mpaka paka, huwezi kupanda basi ukaja kuliona jengo lako kabla hujaliandika? Jengo ulilijenga kiangazi. Nasema tu.

Shangazi yako


13 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku wazima. Betri ya Baba imekufa, kwa hiyo sasa anasafiri kimya kimya.

Nimeituma! Makala imekwenda, na mimi nimebaki nimekonda kuliko Mama anavyopenda. Kumbe kuandika ni kazi ndogo, kazi ni kutuma. Ikisiri ilizidi maneno, nikakata, ikawa haina maana, nikarudisha. Marejeleo waliyataka kwa mtindo wao wenyewe, jina, nukta, mwaka, koma, na mahali pengine nukta mbili, na ole wako uchanganye. Michoro ilikataliwa kwa kuwa mizito. Nilipoipunguza uzito, paa likaonekana kama kitabu kilichoangushwa sakafuni. Halafu, nilipodhani nimemaliza, ikarudishwa kwa sababu nilikuwa nimeandika mwishoni "Namshukuru shangazi yangu." Kumbe wahakiki hawatakiwi kumjua mwandishi, wala mwandishi kuwajua wahakiki. Nimekufuta, Shangazi. Nisamehe. Sasa wewe ni "mtumiaji, mwanamke mzee wa kipato cha kawaida."

Lakini jibu lako limenisaidia sana. Nimeandika hivi: "Mtumiaji alipohojiwa kwa maandishi alieleza kuwa jiko halijambo. Hivyo asilimia mia moja ya waliohojiwa wameridhika." Unaona linavyopendeza?

Kuja siwezi, nina mitihani ya wanafunzi ya kusahihisha. Nitakuja mambo yakitulia.

Mwanao,
Futi


2 Aprili

Mwanangu Futi,

Marahaba. Mimi sijambo, mvua bado haijambo.

Nina habari ndogo. Watu fulani niliokuwa nafanya nao kazi zamani, nikiwa bado nafundisha vifaa vya ujenzi, huniletea mara moja moja karatasi nisome na kutoa maoni. Wengine wanasomea kwenye kompyuta, mimi wananitumia kwa posta, kwa heshima ya umri wangu. Ni kazi ya siri, siruhusiwi kuieleza, na kama unavyojua mimi ni mtu wa kanuni.

Basi wiki iliyopita wameniletea moja. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nikiwa nimekaa, kisha nikatoka nje kidogo. Nimekasirishwa na mwandishi wake. Simjui. Kanuni zinasema nisimjue, kwa hiyo simjui kabisa.

Hebu nikuulize jambo lisilohusiana na hilo. Mwanamke wa miaka sitini na sita ni mzee? Wewe kama msomi, unatumia kipimo gani? Nauliza tu.

Na makala yako, wamekujibu?

Shangazi yako


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani, nina hasira.

Majibu yamekuja. Wahakiki walikuwa wawili. Mhakiki wa Kwanza kaandika mstari mmoja: "Makala nzuri, mwandishi arekebishe koma." Mungu ambariki yeye na kizazi chake. Mhakiki wa Pili kaandika kurasa nne, tena nzito! Nakunakilia machache uone dunia ilivyo na watu.

"Mwandishi anadai asilimia tisini ya maji ya mvua huingia kwenye tangi. Asilimia kumi iliyobaki inaingia wapi? Mhakiki angependa kujua, na mapema."

"Picha zote zimepigwa juani. Mwandishi ameona paa lake likinyeshewa, au amelisikia kwa jirani?"

"Mwandishi anasema mfereji wa katikati 'unahitaji usafishaji mdogo'. Nani anapanda kuusafisha? Je, huyo 'mwanamke mzee'? Na neno 'mzee' limepimwa kwa nini?"

Na hili ndilo lililonichoma: "Mtumiaji amesema jiko halijambo. Hiyo ni salamu. Kwetu hata aliyelazwa hospitali akiulizwa husema hajambo. Salamu si takwimu."

Ananifundisha salamu mimi! Shangazi, mtu huyu namwona kabisa. Ni mzee fulani aliyeshindwa na maisha, kajifungia chumbani na chai iliyopoa, hana mtu wa kumtembelea, basi anamalizia uchungu wake kwa vijana. Mkuki kwa nguruwe!

Wamenipa mpaka mwisho wa Juni nirekebishe. Nisipomridhisha huyo mtu, makala imekufa, na kazi yangu imekwenda nayo. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Niandikie sentensi moja tu, yenye sahihi yako, useme kwamba paa halivuji. Nitaiambatanisha, nimfunge mdomo.

Mwanao mwenye hasira,
Futi


17 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika na nimekujibu upesi, maana hasira ya kijana haifai kulazwa.

Kwanza, sidhani kama chai ya mtu huyo ilikuwa imepoa. Nadhani ilikuwa ya moto, na aliinywa kwa shida, akifikiri namna ya kusema jambo gumu bila kumuumiza mtu. Pengine si katili. Pengine ana huruma kuliko huyo wa koma, aliyesoma makala yako akielekea mahali pengine. Nasema pengine, kwa kuwa simjui.

Pili, sentensi uliyoiomba. Nimeianza mara tatu. Miwani yangu imelowa. Halafu kalamu imeisha wino. Halafu mkono nao siku hizi unatetemeka, na sahihi ya kutetemeka haifai kwenye kazi ya kitaaluma. Kwa hiyo sijaiandika.

Tatu, mvua za mwisho wa msimu bado zipo. Basi la kutoka kwenu linakuja moja kwa moja, hubadilishi popote. Njoo. Usingoje mambo yatulie, mambo hayana tabia hiyo.

Mwambie mdogo wangu namsalimu, na kwamba betri huuzwa madukani.

Shangazi yako


1 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo.

Baada ya barua yako niliyarudia maoni ya yule Mhakiki wa Pili. Mara ya kwanza niliyasoma kwa hasira, sikuyafikisha mwisho. Kumbe mwishoni kabisa, chini ya kurasa zote nne, kuna mstari huu: "Mwandishi hakulitaja dirisha la chini, nalo ndilo jambo bora alilolifanya."

Shangazi, dirisha lile halimo kwenye makala. Sikulichora wala sikulipiga picha. Katika michoro niliyotuma ukuta ule umetazama upande wa pili. Hakuna anayejua kama jiko lile lina dirisha la chini, ila mimi niliyelitoboa, fundi, na mtu anayekaa kwenye kile kigoda.

Nimekaa na mstari huo siku nzima, wanafunzi wakaniuliza kama naumwa. Nikawaambia sijambo.

Nitakueleza kwa nini sikuliandika. Siku ile tulipokuwa tunapandisha kuta, ulikaa kwenye kigoda kupumzisha goti, mtu akabisha hodi getini, ukainuka kwa kushika ukuta. Nikakupima macho yako yanafika wapi ukiwa umekaa, nikamwambia fundi dirisha lishuke hapo, uone anayekuja bila kuinuka. Nilipoandika makala nililitafutia kipimo nikakikosa. Halipunguzi joto, halivuni maji. Nikaona si usomi, nikaliacha, nikaandika paa.

Sitakuuliza kitu chochote, na wewe usinijibu kitu. Kanuni ni kanuni. Ila Jumamosi nakuja. Usiandae chochote. Na naomba unga uurudishe jikoni, mahali ulipokuwa ukikaa kabla ya mvua. Nataka kuona.

Kuhusu yule mzee aliyeshindwa na maisha, naomba uniombee radhi kwake, ukibahatika kumwona.

Mwanao,
Futi


12 Juni

Mwanangu Futi,

Natumaini umefika salama na viatu vimekauka.

Tangu uondoke nacheka peke yangu. Nakuona bado umekaa kwenye kigoda changu na mwavuli umeufungua, ndani ya nyumba, mvua inakunyeshea kutoka kwenye mfereji wako mwenyewe, na bado una futi mkononi unapima dimbwi. Nilisubiri utasema nini. Ukasema, "Shangazi, kumbe asilimia kumi ni maji mengi." Halafu ukautazama ule unga. Watu husema maji yamezidi unga wakiwa na maana ya shida. Wewe uliyaona yenyewe, kwenye bakuli.

Ndipo ukaniuliza kwa nini sikukuambia mwaka mzima. Nilikujibu kwamba chai inachemka. Sasa nakujibu vizuri. Ulikuja ukanijengea jiko kwa mikono yako, kwa likizo yako, ukaondoka umechoka na umefurahi. Ningeanzaje? Ulikuwa ukiuliza, "Jiko linaendeleaje?" kwa namna mtu anavyouliza huku ameshika kitasa cha mlango. Mtu wa namna hiyo anajibiwa halijambo.

Sasa la kanuni. Nimewaandikia wale watu wa karatasi, nimewaambia kwamba siwezi kuendelea kuihakiki ile kazi kwa sababu nimo ndani yake, nimekaa kwenye kigoda. Nilipaswa kuirudisha siku ile ile ilipofika. Sikuirudisha, na nitakuambia ukweli wake: ilikuwa mara ya kwanza tangu paa lile lipande mtu kuniomba maoni yangu na kuniachia nafasi ya kuyaandika. Nilionja utamu.

Mhariri amenijibu. Anasema alicheka, kisha akakasirika, kisha akacheka tena. Maoni yangu kama mhakiki ameyatupa. Makala itapewa msomaji mwingine asiye na ukoo nasi. Lakini anasema mwandishi akipenda, mtumiaji anaweza kuandika maelezo yake ndani ya makala, waziwazi, kama mtumiaji.

Sasa msomaji mpya anahitaji muda, na wewe muda huna. Mimi ndiye niliyekupotezea. Hilo linaniuma kuliko goti, nalo goti linauma. Ukikosa kazi kwa ajili ya mdomo wangu sijui nitaiweka wapi sura yangu.

Andika upya, mwanangu. Andika kuhusu unga.

Shangazi yako


28 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, na shikamoo tena!

Nianze na Baba, maana yeye ndiye aliyenipeleka. Alinunua betri. Juzi nilipopata barua ya jarida nikatoka mbio kwenda chuoni, akaniambia, "Panda." Nikapanda kwa heshima tu. Gari likawaka. Mama alidondosha kikombe. Tulitoka uani, tukafika njia kuu, na hapo likazima. Baba akaniambia sasa nimeelewa foleni ni kitu gani. Nililisukuma mpaka getini chuoni, yeye akiwa kwenye usukani anapungia watu mkono.

Wamekubali. Makala imekubaliwa! Kichwa chake sasa ni "Jiko Halijambo: Kasoro ya Kupima Majengo kwa Salamu". Nimeeleza paa lilivyovuja, kwa nini lilivuja, na jinsi nilivyokuhoji vibaya. Michoro nimeichora upya na ukuta wa dirisha umo. Na ule ukurasa wako, "Maelezo ya Mtumiaji", msomaji mpya ameandika kwamba ndio bora kuliko makala yenyewe. Mimi kaniambia nirekebishe koma.

Mkuu wa idara aliisoma barua ya kukubaliwa, akaisoma tena, akasema kwa ule upole wake, "Sijawahi kuona mtu akiajiriwa kwa jengo linalovuja." Nikamwambia hata mimi. Mkataba nitausaini Jumatatu.

Mwezi ujao naja na fundi tuligeuze paa, liinamie nje kama mapaa ya watu wote. Mabati nitayaleta kwa basi, Baba asisikie. Lakini safari hii nakuuliza kabla, na nimekuachia ukurasa mtupu kwenye bahasha. Unataka nini kibadilishwe, na nini kisiguswe?

Mwanao,
Futi


19 Septemba

Mwanangu Futi,

Marahaba. Paa mlilogeuza limenyeshewa mara mbili. Unga umekaa mahali pake, mkavu. Nimeusogelea nikaugusa kwa kidole kama mtu anayemwangalia mtoto aliyelala. Tangi nalo limejaa, kwa sababu mfereji sasa uko nje, na naufikia kwa fagio bila kupanda kitu.

Ule ukurasa mtupu niliujaza pande zote mbili, kama ulivyoona. Umetimiza yote isipokuwa la rafu niliyoiomba, nalo sijalisahau.

Leo nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nikamwona mtu wa posta akiwa bado mbali, kupitia lile dirisha. Bahasha ilikuwa kubwa, nikajua ni jarida. Nimelisoma nikiwa nimekaa, sikuhitaji kutoka nje. Nilipofika mahali ulipoandika kwamba dirisha liliwekwa "kwa urefu wa macho ya mtu mmoja anapopumzisha goti", nililia, Futi. Miwani imelowa tena, na safari hii si paa. Halafu nikaona umeandika "mwanamke wa miaka sitini na sita" bila lile neno jingine, nikacheka. Jirani alipopita akaniuliza kama sijambo, nikashindwa la kumjibu.

Umeniharibu kwa usomi wako. Zamani nikiulizwa hujambo nilikuwa na jibu. Sasa nikikujibu wewe nalazimika kusema yaliyopo. Basi haya: goti linauma asubuhi, linapoa jioni. Sikio la kushoto halisikii tangu mwaka juzi, ndiyo maana nazichukia simu, wala si gharama kama nilivyowaambia. Siku za mvua, asipopita mtu hata mmoja getini, nyumba hii huwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Sikusema kwa sababu hakuna aliyeniachia ukurasa.

Makala ya pili utaandika, najua, jarida likishamzoea mtu haliachi. Andika lolote utakalo. Lakini ukija, usianze na jiko. Anza na mimi.

Shangazi yako,
mtumiaji